Uti wa Mgongo na Njia ya Wapagazi

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu amekuja nacho hapo alipoketi, wala hawezi kukitua hata akichoka, nacho ni uti wa mgongo. Tutauliza maswali matatu. Kwanza, uti huu umeundwaje hata ukaweza kumsimamisha mtu wima? Pili, ulipataje kuwa hivyo? Tatu, ni mzigo wa kadiri gani ulio haki yake, na ni upi ulio dhuluma?

Twadhani mji wa Tabora wafaa sana kwa maswali haya. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, karibu kila bidhaa iliyopita katika nchi hii ilipita juu ya mwili wa mwanadamu. Ndorobo waliwaua wanyama wa kubebea mizigo, na gari la magurudumu halikuwa na barabara. Basi pembe za ndovu zilishuka pwani kwa miguu ya watu, na nguo, shanga na masango zilipanda bara kwa miguu hiyohiyo. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora. Tena ikaendelea magharibi kupita Uvinza mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba.

Wapagazi mashuhuri wa njia hii walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32, mbali na mkeka wake, chakula chake na chungu chake. Watu wa pwani walipenda kuuchukua kichwani juu ya kata. Wanyamwezi walipenda kuuchukua begani. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa katika mti, ikachukuliwa na wawili mzegamzega. Wengi walikwenda kwa ujira, na kwa kijana wa Unyamwezi kufika pwani na kurudi ilikuwa dalili ya kuwa amekuwa mtu mzima. Lakini tusisahau ya kuwa wengine walipita njia ileile wamefungwa minyororo, nao hawakuulizwa kama mzigo ni mzito au mwepesi.

Sasa tutazame huo mgongo wenyewe. Mtoto huzaliwa na pingili 33 kwa kawaida. Saba ni za shingo. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba twiga naye anazo saba tu, ila zake ni ndefu. Kumi na mbili ni za kifua, nazo hushika mbavu. Tano ni za kiuno, nazo ni nene kuliko zote za juu yake, kwa sababu zabeba zaidi. Chini yake ziko tano nyingine zinazoungana kadiri mtu akuavyo, zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga. Za mwisho ni ndogo nne, nazo ndizo kitokono, masalio ya mkia ambao hatunao.

Katika mnyama wa miguu minne, kama ng'ombe au mbuzi, uti wa mgongo ni kama boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Nguzo ya mbele ni miguu ya mbele, nguzo ya nyuma ni miguu ya nyuma, na tumbo laning'inia katikati. Boriti ya namna hii hutakiwa kupinda kidogo tu, kama upinde, na kazi yake yote huifanya hali imelala. Kwa mwanadamu boriti hii imesimamishwa ikawa nguzo, na nguzo za mbele zimeondolewa zikawa mikono. Fundi yeyote ajua ya kuwa boriti na nguzo si kazi moja. Mti ufaao kulazwa waweza kuvunjika ukisimamishwa chini ya mzigo, na ufaao kusimama waweza kupinda ukilazwa.

Pengine utadhani ya kuwa nguzo iliyo bora ni ile iliyonyoka kama mwanzi. Sivyo. Mwambie mwenzako aliye karibu asimame aegemee ukuta, visigino, matako na mabega yake yakigusa ukuta. Sasa pitisha kiganja chako nyuma ya kiuno chake. Kitapita bila shida, maana hapo mgongo umeingia ndani. Ukiutazama uti wote kwa ubavuni, utaona ya kuwa shingoni waingia ndani, kifuani watoka nje, kiunoni waingia tena, na kwenye nyonga watoka tena. Matao haya manne yana maana kubwa. Kifua na tumbo vyetu viko mbele ya uti. Na kama uti ungenyoka tu, uzito huo ungetuvuta mbele siku zote, nayo misuli ya mgongo ingefanya kazi bila kupumzika ili tusianguke. Lile tao la kiuno laurudisha mwili wa juu nyuma kidogo, hata kichwa na kifua vikakaa sawasawa juu ya nyonga na miguu. Hapo uzito hushuka kwa mifupa, na misuli hupata nafuu.

Mama yeyote aliyelea ameona matao hayo yakizaliwa. Mtoto mchanga mgongo wake ni tao moja tu, umekunjamana kama alivyokuwa tumboni. Baada ya miezi kama mitatu aanza kuinua kichwa, na tao la shingo laonekana. Kisha aketi, kisha asimama dede huku ameshika kigoda, kisha aenda hatua mbili akaanguka, akainuka tena. Katika siku hizo za kusimama na kuanguka, tao la kiuno lazidi kukaa mahali pake. Basi uti wa mwanadamu haumaliziki tumboni mwa mama. Sehemu moja yamalizika kwa kutembea.

Kati ya pingili na pingili pana kitu kama mto, cha gegedu ngumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Mto huu hupokea kishindo cha kila hatua. Mchana kutwa, ukibanwa na uzito, maji hutoka ndani yake kidogo kidogo. Usiku, mtu akilala, maji hurudi. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa kadiri ya sentimeta moja au zaidi kidogo. Mpagazi aliyetua mzigo wake kambini jioni alikuwa mfupi kuliko alivyoondoka alfajiri, na hilo si neno la mzaha.

Jamaa yetu wa karibu kuliko wote katika wanyama ni sokwe. Yeye naye aweza kusimama kwa miguu miwili, lakini si kwa muda mrefu. Pingili za kiuno chake kwa kawaida ni tatu au nne, nazo zimebanwa kati ya mifupa mirefu ya nyonga, hata kiuno hakiwezi kujipinda nyuma. Kwa hiyo akisimama hana budi kukunja magoti na nyonga, kama mtu aliyeanza kuketi akakatazwa. Wewe jaribu kutembea hivyo kutoka nyumbani mpaka kisimani, nawe utajua jinsi mapaja yatakavyowaka moto. Mwaka 2007 wataalamu walipima nguvu atumiayo sokwe katika kutembea na nguvu atumiayo mtu. Waliona ya kuwa mtu, kwa mwendo uleule na uzito uleule, hutumia kama robo tu ya nguvu za sokwe. Hapo twaelewa jinsi wanaume waliokula uji na viazi waliweza kutembea kutoka Tabora mpaka bahari, siku baada ya siku. Mwendo ndio kazi ambayo mwili huu umeizoea tangu zamani sana.

Tangu zamani gani? Hapa twaingia katika swali la pili, na jibu lake moja limeandikwa katika ardhi ya Tanzania yenyewe. Mahali paitwapo Laetoli, katika nchi ya Ngorongoro, volkano ilimwaga majivu, mvua kidogo ikayalowesha, na viumbe wakapita juu yake. Majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Mwaka 1978 Bibi Mary Leakey na wenzake walifunua hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, mstari wa karibu mita 27. Umri wake ni miaka kama milioni 3.66. Kisigino kilikanyaga kwanza, kisha uzito ukapita mbele mpaka vidoleni, na kidole gumba kililala sambamba na wenzake, si pembeni kama cha sokwe anayeshika tawi. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya nyayo nyingine zilizofunuliwa karibu na zile za kwanza. Na katika wataalamu walioongoza kazi hiyo walikuwamo Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki.

Nyayo zatuonyesha mwendo, lakini hazituonyeshi mgongo. Mgongo twautafuta katika mifupa, nayo ni adimu, maana pingili huliwa na fisi na kusagwa na miaka. Hata hivyo iko. Mwaka 1974, huko Hadar nchini Ethiopia, yalipatikana mabaki ya kiumbe mwanamke aliyepewa jina la Lucy, mwenye miaka kama milioni 3.2. Kimo chake hakikuzidi sana mita moja, na ubongo wake ulikuwa mdogo, wa kukaribia ule wa sokwe. Lakini nyonga yake ilikuwa fupi na pana, mfano wa bakuli, kama yetu. Mwaka 2000, mahali paitwapo Dikika, nchini humohumo, mtaalamu Mwethiopia, Zeresenay Alemseged, na wenzake walipata mtoto wa kike wa kabila hilohilo la viumbe, mwenye miaka milioni 3.3. Uti wake ulihifadhika vizuri, na mwaka 2017 wataalamu walieleza ya kuwa pingili zake za kifua ni kumi na mbili, kama zetu. Sokwe kwa kawaida anazo kumi na tatu. Na mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, Mkenya aitwaye Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu juu ya changarawe. Kilipofuatwa, ukapatikana mwili karibu mzima wa kijana aliyeishi zamani za miaka milioni moja na nusu, mwenye miguu mirefu na kiwiliwili cha kufanana na chetu.

Ukiyaweka hayo kwa taratibu yake, utaona jambo moja wazi: kusimama kulitangulia akili. Babu zetu walitembea wima mamilioni ya miaka kabla ya ubongo wao kuwa mkubwa, na kabla ya kujua kufua chuma au kusuka kamba ya kufungia mzigo.

Lakini kwa nini walisimama? Zamani vitabu vingi vilisema ya kuwa misitu ilikauka, nyika ikaenea, na babu zetu wakashuka mitini, wakasimama ili kuvuka majani. Habari mpya zatoka katika nchi iliyo jirani na njia yetu ya misafara. Msafiri aliyetoka Tabora kwenda Ujiji alipita Uvinza, penye maji ya chumvi ambayo watu waliyachemsha wakauza chumvi yake mbali sana. Kusini ya nchi hiyo liko Bonde la Issa. Ni pori la miombo iliyoachana, lenye majani katikati na misitu myembamba kandokando ya vijito. Mtu wa Unyamwezi akifikishwa huko hataona kuwa yuko ugenini. Katika pori hilo wakaa sokwe. Wataalamu waliwafuata sokwe kumi na watatu wazima kwa muda wa miezi kumi na mitano, wakaandika kila mara waliposimama kwa miguu miwili. Mwaka 2022 walitoa habari yao: katika mara mia walizosimama, zaidi ya themanini na tano walisimama juu ya miti, wala si chini kwenye majani. Husimama juu ya tawi, mkono mmoja umeshika tawi la juu, na mwingine wanyoshwa kufikia tunda.

Sokwe wa leo si babu yetu, na wataalamu hawajamaliza kubishana juu ya jambo hili. Lakini twaona ya kuwa huenda kusimama kulianzia mitini, katika pori kama hilo la miombo, na nyika ilikuja baadaye kukamilisha kazi. Basi msikilizaji wa Tabora atazamaye pori lililo nyuma ya shamba lake atazama nchi ya namna ambayo huenda ndimo babu zetu walimosimama mara ya kwanza.

Sasa twaomba mtuvumilie kidogo, maana hapa pana makosa mawili ambayo wanafunzi huyafanya mara nyingi. Kosa la kwanza ni kudhani ya kuwa mtu amezaliwa na sokwe. Sivyo. Mtu na sokwe ni kama watoto wa ndugu wawili: wana babu mmoja aliyeishi zamani za miaka kama milioni sita au saba, naye hakuwa sokwe wala mtu. Kosa la pili ni kudhani ya kuwa viumbe walijitahidi kusimama, na jitihada yao ikarithiwa na watoto. Fikirini mpagazi wa zamani. Kwa miaka mingi ya kuchukua pembe, bega lake lilifanya sugu ngumu kama ngozi ya ng'ombe. Je, mwanawe alizaliwa na sugu? Hakuzaliwa nayo. Alizaliwa na bega laini, akaanza upya.

Mageuzi huenda kwa njia nyingine. Watoto wa mama mmoja hawalingani. Huyu ana kiuno kirefu kidogo, huyu nyonga pana kidogo, na tofauti hizo walizaliwa nazo. Palipokuwa na chakula cha mbali, yule ambaye kutembea hakukumchosha alifika, akala, akalea wanawe, nao wakarithi umbo lake. Katika kizazi kimoja tofauti haionekani. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa kwa miaka mamilioni. Wako watakaouliza kama maneno haya yampinga Mwenyezi Mungu aliyetuumba. Sisi tuliosomeshwa na wamisionari tulifundishwa ya kuwa Mungu hana haraka, wala hatuoni haya kujifunza jinsi kazi yake ilivyochukua muda.

Umbo hili lilipatikana kwa gharama. Fikirini fundi aliyeambiwa aigeuze nyumba ya kulala iwe nyumba ya ghorofa, lakini asibomoe ukuta hata mmoja, wala wenyewe wasihame hata usiku mmoja. Ndivyo uti wetu ulivyogeuzwa. Maana kila kizazi kilipaswa kuishi na mgongo kilionao. Kwa hiyo ziko sehemu zilizo dhaifu. Viungo viwili vya mwisho vya kiuno vyabeba mwili wote wa juu, navyo vimeinama. Hapo ndipo mito ya gegedu hupasuka mara nyingi, ute ukasukumwa nje ukabana mshipa wa fahamu, na maumivu yakashuka kwa paja mpaka mguuni. Mwaka 2015 mtaalamu Kimberly Plomp na wenzake walilinganisha pingili za watu wa kale na za sokwe. Waliona ya kuwa watu ambao mito yao ilikuwa imeharibika namna moja, pingili zao zilikaribia umbo la za sokwe kuliko za watu wazima wa afya. Inaonekana kama kwamba wengine wetu hubaki na alama kidogo ya boriti ya zamani ndani ya nguzo mpya. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno.

Wanawake wana sifa yao pekee katika habari hii. Mimba humvuta mama mbele, naye hana budi kujirudisha nyuma ili asianguke. Mwaka 2007 wataalamu watatu, Whitcome, Shapiro na Lieberman, walionyesha ya kuwa katika wanawake tao la kiuno hufanywa na pingili tatu zilizochongoka mfano wa kabari, na katika wanaume na mbili tu. Tofauti hii waliiona hata katika mifupa ya kale sana ya Afrika ya Kusini. Basi zamani za miaka zaidi ya milioni mbili, mama mwenye mimba alikuwa amekwisha kupewa tegemeo lake. Lakini tegemeo hilo lilikuwa la kumchukua mtoto aliye tumboni. Hakuna pingili iliyoongezwa kwa ajili ya ndoo kichwani.

Hapo tumefika katika swali la tatu. Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kijaluo wa Kenya, wachukuao mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wachukuao mgongoni kwa ukanda upitao kipajini. Waliona ajabu: mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea jasho lolote. Ulipozidi hapo, nguvu zilizotumika zikaanza kupanda. Uchunguzi uliofanywa baadaye huko Afrika ya Kusini, uliotangazwa mwaka 2010, haukuona nafuu hiyo kwa wanawake wote. Na waliozoea kuchukua kichwani walilalamika maumivu ya shingo. Basi hata hiyo sehemu moja ya tano tusiifanye haki ya kila mtu.

Tufanye hesabu kama darasani. Mpagazi mwenye kilo 60, sehemu moja ya tano ni kilo 12. Yeye alichukua 32, zaidi ya nusu ya mwili wake. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwa mama mwenye kilo 55, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tatu. Kwa binti mwenye kilo 30, ni theluthi mbili. Wasikilizaji, twawaombeni mfikiri: mpagazi wa zamani aliyechukua ratili 70 alikuwa mwanamume kamili, amelipwa ujira, na watu walimsifu njiani. Mtoto achukuaye ndoo asubuhi kabla ya shule, kwa kuulinganisha mzigo na mwili wake, amemshinda mpagazi huyo, wala hakuna anayempigia ngoma.

Wahenga walisema ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Historia ya njia yetu yalithibitisha neno hilo. Katika vita ya 1914 mpaka 1918, Wazungu walipopigana katika nchi hizi, magari yalikwama na wanyama wakafa, ikawa wanaume wakusanywe kwa mamia ya maelfu wachukue risasi na vyakula. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Waliopanga ratili za mizigo katika karatasi hawakuzibeba.

Sasa tutaje mambo machache ya kufuata nyumbani. La kwanza, gawanyeni mzigo. Ndoo mbili ndogo kwa safari mbili ni afadhali kuliko moja kubwa, na gurudumu ni afadhali kuliko zote. Baiskeli, toroli au mkokoteni ukitumika kwa kuteka maji, si kwa kupeleka mpunga sokoni tu, migongo mingi itapona. La pili, mwinuapo kitu, kunjeni magoti, mkisogeze karibu na kifua, wala msijinyonge kiuno hali mmeinama. La tatu, mwenye mimba apunguziwe mzigo. Na mtoto asipewe ndoo kwa kuutazama umri wake, bali kwa kuutazama mwili wake.

La nne, mgongo ukiuma kwa kazi, msilale kitandani siku nyingi. Zamani hata waganga walishauri hivyo, lakini sasa imeonekana ya kuwa kutembea taratibu huponya upesi zaidi kwa watu wengi, maana kutembea ndiko kazi ya asili ya uti huu. Lakini ziko dalili za kukimbilia hospitali: miguu kufa ganzi au kulegea, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu yanayozidi usiku pamoja na homa na kukonda. Kifua kikuu nacho huweza kuingia katika pingili, kikazila mpaka mtu akapata kibiongo. Nacho chatibika kikiwahiwa. Msiseme ni uzee tu, au kwamba mtu amerogwa.

Katika Tabora na kando ya njia ya zamani ingali miembe mingi, na watu husema ya kuwa ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Mkipita chini yake, kumbukeni wale waliotua mizigo hapo ili wapumue. Mgongo waliokuwa nao ndio huu tulio nao sisi, umezaliwa kwa mwendo wa miaka mamilioni, hodari sana kwa kutembea na mpole kwa mzigo mdogo. Basi kesho asubuhi, kabla hamjamtwika mtoto ndoo, iinueni kwanza ninyi wenyewe, mkajue uzito wake.